Nimekuta memori kadi ya PS2 ya marehemu kaka yangu, ligi yake iko katikati. Niiendeleze au niiache?

Mtoto_wa_Makorora

Wakuu habari zenu. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Wiki iliyopita nilikuwa Tanga kwa mama, nikawa namsaidia kupanga kabati la sebuleni, sasa ndani ya kopo la maziwa ya unga lililojaa vifungo vya mashati na funguo ambazo hata hazijulikani ni za wapi nikakuta memori kadi ya PS2 (mashine ya gemu, PlayStation 2), kile kidude cha kuhifadhia gemu ulipofikia, ile nyeusi ya 8 MB, juu imebandikwa plasta ya kidonda halafu imeandikwa kwa peni USIFUTE. Mwandiko wa kaka yangu. Kaka alifariki 2011, mwanae wa kiume alikuwa hajaanza hata kutambaa. Nikakaa palepale chini kwenye zulia, mama akaniuliza umeona nini nikashindwa kumjibu.

Niliporudi Dar nikaazima PS2 kwa jamaa wa mtaani, nikachomeka kadi, inasoma. Humo kuna San Andreas, kuna God of War, na kuna PES 6, ile gemu ya mpira, kwenye Master League, ile ligi unayoendesha timu yako mwenyewe. Timu ameipa jina MAKORORA FC, jina la mtaa wetu, msimu uko nusu, daraja la pili, nafasi ya tatu, na mbele bado anamchezesha Castolo. Wachezaji wengine ambao gemu inakupa mwanzo karibu wote ameshauza ila Castolo na Minanda amewabakiza. Tarehe ya kusevu ni Novemba 2010. Nikaangalia msimamo, nikaangalia kikosi, nikatoka bila kugusa kitu.

Sasa niwaeleze kwa nini hii kitu imenishika hivi. Mimi gemu nimefundishwa na kaka. Tulianza na ile mashine ya kaseti, zile zilizoigwa kutoka Famicom ya Nintendo, kaseti imeandikwa ina magemu 9999999 ila ukihesabu yasiyojirudia hayafiki hata ishirini. Contra, ile gemu ya kupiga risasi, ndiyo ilikuwa yetu. Juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, halafu start, unapata maisha 30, na kama mko wawili unagusa select kwanza ndio start. Hakuna aliyesoma mahali, ilikuja mdomo kwa mdomo mpaka ikafika Makorora. Mliocheza mnakumbuka ile hatua ya maporomoko ya maji, mnaruka kupanda juu na skrini nayo inapanda, mmoja akitangulia sana yule wa chini skrini inamwacha anakufa. Watoto wote wa mtaa ule walikuwa wanakimbia. Kaka alikuwa anasimama kwenye jiwe ananisubiri, risasi zinamjia pale na yeye kasimama tu, ananiambia ruka sasa, haya ruka tena. Nilikuwa na miaka saba.

Baadaye PS1, baadaye PS2 tukawa tunaenda kwenye kibanda cha magemu, mechi shilingi mia, anayefungwa anatoka. Mwaka 2006 ule wa mgao wa umeme tulikuwa tunajua ratiba ya umeme ya mitaa mitatu, tunahama na kadi mfukoni, ukikata umeme hujasevu ndio basi tena, unamsikia mtu mzima anapiga yowe kama kaibiwa. Kaka kwenye Master League alikuwa anakosa raha kabisa mwisho wa msimu ukikaribia, maana pointi zikishindwa kulipa mishahara ya wachezaji gemu inaisha, na alikuwa anaandika hesabu zake kwenye daftari kabisa. Timu nyingine zilikuwa na majina ya bandia, Merseyside Red tulikuwa tunajua ni Liverpool, London FC tunajua ni Chelsea, ila yeye akasema mimi nataka timu yangu nianze nayo chini.

Leo nina PS5, nimenunua 2023. Sitaki kusema magemu mapya ni mabaya, nitakuwa muongo. Nimecheza God of War ya 2018, ile kamera haikati toka mwanzo hadi mwisho, Kratos yule yule wa PS2 aliyekuwa anaua kila kitu sasa anatembea na mtoto na hajui aongee naye nini, nilisitisha mara kadhaa nikakaa kimya. Ghost of Tsushima unafuata upepo ukuonyeshe njia badala ya mshale, uzuri ule sijawahi kuuona. Elden Ring imenitesa na nimeipenda. Ila nikimaliza nazima nalala. Hakuna wa kumwambia umeona ile? Gemu naweka kudaunlodi jioni asubuhi bado, bando limeisha, akaunti yenyewe ni ya Marekani kwa sababu duka la PlayStation kwetu halijafunguliwa rasmi, kila kitu nafanya peke yangu. Magemu ya zamani nayakumbuka pamoja na mtu aliyekuwa amekaa kulia kwangu, hata harufu ya chumba naikumbuka. Haya mapya nakumbuka gemu tu.

Maswali yangu mawili. La kwanza, hii kadi naitunzaje isije ikafa. La pili ndilo linaninyima usingizi, ile ligi niiendeleze au niiache pale alipoiachia yeye? Mtoto wake sasa ana miaka 14, yuko Tanga na mama yake, anapenda sana mpira.

---

FundiLenzi_MZA

Pole sana mkuu, Mungu amrehemu kaka yako.

Mimi nafungua hizi mashine hapa Mwanza tangu PS1 ilipokuwa mpya mjini. Kabla hujaamua chochote KOPI KWANZA. PES 6 ukimaliza mechi inakuuliza kusevu, ukibonyeza kwa mazoea ile ya 2010 imefunikwa na haitarudi, hakuna fundi wa kuirudisha. Kwa hiyo usiichezee kabisa mpaka uwe na kopi mbili.

Njia rahisi, tafuta kadi ya pili, washa PS2 bila CD, ingia kwenye kuangalia kadi, chagua hiyo sevu ya PES, bonyeza kopi, ipeleke kwenye kadi ya pili. Yapo magemu sevu zake hukataa kukopiwa hivyo, ikikataa usilazimishe. Mwambie fundi akutafutie kadi yenye Free McBoot, inayoiwezesha PS2 kufungua programu za nje, ndani yake kuna programu inaitwa uLaunchELF, unachomeka flashi mbele ya PS2, flashi iwe FAT32, unaikopi sevu kama faili la psu. Tundu la USB la PS2 ni lile la zamani 1.1, linavuta taratibu, lakini sevu ni kidogo sana haikusumbui. Ukishaipata kwenye kompyuta ihifadhi sehemu mbili tatu, jitumie hata kwenye barua pepe. Na kama siku moja hakuna PS2 iliyo hai unaiingiza kwenye emuleta ya PCSX2, programu inayoigiza PS2 kwenye kompyuta, kwa kutumia programu nyingine ya mymc, inafunguka kama ilivyo.

Jambo jingine zito. Siku ukichomeka mashine ikakwambia kadi haijafomatiwa, unataka kuifomati? Jibu ni HAPANA. Chomoa, safisha yale meno ya shaba kwa pamba na spiriti kidogo, acha ikauke, rudisha. Nimeona watu wamelia mbele yangu kwa kubonyeza ndiyo. Na usichomoe kadi wakati mashine inaisoma au inasevu.

Hiyo tarehe ya Novemba 2010 nayo iheshimu, maana inatoka kwenye saa ya mashine ya siku ile. Betri ya saa ikishachoka sevu zinapata tarehe za ajabu ajabu, kwa hiyo mashine ya kaka yako ilikuwa nzima na alikuwa anaitunza.

Ukichomeka kwenye flati tumia waya za njano nyeupe nyekundu kama ipo, na kwenye TV washa ile setingi ya gemu, bila hivyo unabonyeza sasa mpira unapigwa baadaye, utadhani mikono imezeeka kumbe ni TV inachelewesha picha. Watu huniletea pia ile bunduki ya gemu ya kuwinda bata wakidhani imeharibika, haijaharibika. Ukivuta trega skrini inakuwa nyeusi mara moja halafu penye bata panatokea kiboksi cheupe, bunduki ina jicho la kuona mwanga, ikikiona kiboksi umepata. TV ya chogo ilikuwa inachora picha papo hapo, flati inachelewa kidogo tu na kile kidogo kinatosha bunduki isione kitu. Kwa hiyo mwenye chogo nzima ndani asiitupe.

La pili siwezi kukuamulia. Ila nikwambie mashine za zamani zinazoletwa kwangu mwenye nazo mara nyingi hana shida na gemu. Mama mmoja aliniletea PS1 nimuwashie tu asikie mlio wa kuwaka, mwanae yuko nje miaka mingi. Niliiwasha mara tatu, sikuchukua hela.

---

bi_tekken_AR

Pole kaka yangu, nimesoma nikiwa kwenye daladala nikashuka kituo kisicho changu.

Mimi ni wa kike na kibandani sikuwahi kukanyaga, mama alikuwa anasema pale ni pa wahuni na kaka zangu walikuwa wanaona sawa tu mimi nibaki. Nilianza kucheza PS1 ilipokuja nyumbani, Tekken 3, gemu ya kupigana, nikamshika mpiganaji anaitwa Eddy kwa sababu ukibonyeza miguu bila mpangilio anacheza ngoma anapiga watu. Kaka zangu wakasema hiyo siyo kucheza. Basi nikajifunza kila pigo lake mchana wao wakiwa shule mimi niko nyumbani, mpaka wakawa wanaomba nimuache Eddy. Na wale waliofichwa, Mokujin, Ogre, Gon yule dinosa mdogo, wote nimewafungua mimi kwa kucheza. Unamaliza gemu na mtu mmoja anafunguka mwingine, kila mmoja nilikuwa najua nimempataje. Tekken 8 ilipotoka Januari 2024 Eddy hakuwemo, akaja miezi michache baadaye kwa kulipia. Nimelipa, nampenda, lakini iliniuma, yule nilimpata kwa mikono yangu.

Sasa kaka, kwa kuwa una PS5 nikuombe kitu. Tafuta Tales of Kenzera: Zau, ilitoka Aprili 2024. Ukifungua nenda kwenye lugha weka sauti ya KISWAHILI. Imetengenezwa na Abubakar Salim, muigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyekuwa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins. Aliitengeneza kwa kumlilia baba yake. Ndani yake kijana amefiwa na baba, baba kamwachia kitabu, anaanza kukisoma, na hadithi ya kitabu ndiyo gemu yenyewe. Zau ni mganga kijana anamwita Kalunga mungu wa mauti anafanya naye mapatano arudishiwe baba yake. Ni gemu ya kuruka ruka na kupigana, siyo kubwa, wikiendi mbili unamaliza, na kuna sehemu kijana anakaa tu chini ya mti anaongea. Mimi nilifiwa na baba 2019. Nilikuwa sijawahi kusikia gemu inaniambia pole kwa lugha yangu.

Nimeitaja kwa sababu umesema mapya unakumbuka gemu tu. Hii nilicheza peke yangu usiku na sikuwa peke yangu.

Kuhusu ligi, kaka yako aliandika USIFUTE. Hakuandika USIGUSE.

---

Kibokoni_83

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu yangu pole, Mola amrehemu na amuweke pema.

Huyo dada hapo juu amegusa jambo la lugha nami lazima niseme langu. Mara ya kwanza kusikia Kiswahili kwenye gemu ilikuwa Resident Evil 5 mwaka 2009. Wale maadui wanaitwa Majini, wanakukimbilia na mapanga huku wakipiga kelele kwa Kiswahili. Nilikuwa na binamu zangu wawili chumbani, mmoja akashtuka akasema huyu si anaongea kama sisi. Tulifurahi kwa dakika kumi hivi halafu furaha ikaisha, maana kila anayeongea lugha yetu ndani mle ni wa kupigwa risasi. Kwa hivyo nikisikia sasa kuna gemu shujaa mwenyewe ndiye anaongea Kiswahili, wallahi naitafuta leo leo.

Na Halo je? Binamu yangu alitoka Dubai na Xbox 360, akaweka Halo 3: ODST, gemu ya vita, mji wenyewe ni New Mombasa, mwaka 2552, una mnara wa lifti ya kwenda hadi angani. Usiku, mvua inanyesha, unatembea peke yako mjini na muziki wa taratibu. Hakukuwa na kitu hata kimoja nilichokitambua, si Kibokoni wala Likoni wala feri, lakini jina la mji wangu lilikuwa pale na nililizunguka usiku kucha. Halo 2 nayo ilikuwa na uwanja wa vita unaoitwa Zanzibar.

Sasa kwenye neno lako kwamba mapya unacheza peke yako, hapo nakupinga kidogo. Yapo. Mimi na mke wangu tumemaliza It Takes Two, ile ya 2021, haichezeki na mtu mmoja hata ukitaka, lazima muwe wawili na kila mmoja ana kazi ambayo mwenzake hawezi. Mke wangu hakuwa amewahi kushika padi maishani. Mwanzo alikuwa anatazama vidole, mwisho akawa ananifokea mimi nachelewa. Waliotengeneza wametoa nyingine 2025 inaitwa Split Fiction, mtindo ni huo huo, na ukinunua wewe rafiki yako aliye mbali anaweza kucheza nawe bila kununua yake. Kwa hivyo kiti cha kulia kwako hakijaondolewa na gemu, kinasubiri tu wa kukikalia.

Na wa kukikalia umeshamtaja mwenyewe mwisho wa maneno yako. Huyo kijana hana picha ya babake akicheka, hana sauti, ama anayo? Wewe umeshika kitu ambacho babake alikipanga kwa mkono wake, nani aanze, nani akae benchi, nani asiuzwe. Mwite.

---

msomaji_kimya

Mimi nitasema tofauti na wote. Usiicheze. Kopi sawa, tunza sawa, lakini usicheze. Baba yangu aliacha redio na sindano iko kwenye stesheni yake, ina miaka kumi na sita sasa haijasogezwa, nikiiwasha naisikia kama alivyoisikia. Ukicheza mechi moja tu msimamo unabadilika, wanapanda nafasi ya pili, wanashuka ya tano, na hiyo siyo tena ya kwake. Nafasi ya tatu ni ya kwake. Pole sana mkuu.

---

Mtoto_wa_Makorora

Wakuu nimerudi, samahani nimechelewa, ni kama mwezi sasa.

Nimesoma kila mtu zaidi ya mara moja. Msomaji_kimya maneno yako yalinisimamisha kabisa, wiki mbili nzima sikuiwasha. FundiLenzi nimefanya kama ulivyoelekeza, kopi ya kawaida ilikubali, na ya flashi pia nimefanya, iko kwenye kompyuta na kwenye barua pepe yangu na ya mke wangu. Ile kadi yenye plasta nimeirudisha kwenye kopo, kopo liko kwa mama, pale pale. Nafasi ya tatu itabaki nafasi ya tatu humo daima.

Dada wa Arusha, Zau nimeicheza kwa Kiswahili. Sitaandika hapa, nitakuandikia pembeni.

Kijana akaja Dar likizo. Nilinunua PS2 ya mtumba, ile nene, nikaiweka sebuleni sikusema kitu. Yeye anacheza eFootball kwenye simu, mkali kweli, vidole haviangalii. Akaniuliza baba mdogo hii ni nini, nikamwambia hii ni timu ya baba yako. Nikawasha kopi. Akakaa kulia kwangu, mimi sikumwambia akae wapi.

Akaangalia kikosi muda mrefu sana. Akauliza huyu Castolo ni nani, mbona simjui, alichezea wapi? Nikamwambia hakuna mtu kama huyo duniani, wamemtunga, ni mzito na siyo mzuri sana, ila baba yako alikataa kumuuza. Akauliza kwa nini. Nikasema sijui, na kweli sijui, ingekuwa ni kitu cha kumuuliza. Akasema basi na mimi simuuzi.

Mechi ya kwanza tulitoka sare moja moja. Alisumbuka na padi mwanzoni, analalamika hawa watu hawageuki, mpira unapigwa kushoto mwenyewe anataka kulia, nikamwambia subiri, usikimbie, na niliposema hivyo nikanyamaza maana ile sauti haikuwa yangu. Dakika ya themanini na kitu Minanda akapiga krosi, Castolo kichwa, likaingia. Kijana akaruka akapiga meza na goti. Mama yake alikuwa kwenye simu ya video, akaniona mimi nafuta macho akadhani kuna ugomvi.

Gemu ikauliza kusevu. Akanigeukia, nisevu? Nikamwambia hiyo ni yako. Akabonyeza.

Kisha akachukua plasta kwenye kabati la dawa akabandika kwenye kadi ile mpya. Ameandika jina lake na la baba yake, la kwake chini.

Sasa shida yetu ni moja, padi ya pili analogi ya kushoto, kile kijiti cha kuelekeza mchezaji, inajivuta yenyewe, mchezaji anakimbilia kona bila kuguswa, na Desemba anarudi. Hizi za mtumba nilizojaribu zote zina vibonyezo vigumu. Mwenye padi orijino ya PS2 nzima, hata kama waya umebadilishwa, anicheki inboksi, niko Dar lakini hata ukiwa Tanga au Mwanza nitaifuata.